Karatasi Ipi Itakufa? Mjadala wa Mpakani Namanga

MADA: Mfumo wa simu kwa wafanyabiashara wadogo wa Namanga upangwe wote kabla ya kujengwa, au ujengwe huku ukipangwa?

Tarehe 1 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Namanga. Tangu hapo anayevuka husimama mara moja tu. Anayekwenda Tanzania hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Tanzania, na anayeingia Kenya vivyo hivyo upande wa Kenya. Lakini kukaa chini ya paa moja si kutumia mfumo mmoja: Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ina mfumo wake wa forodha, na wenzao wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, wana wao uitwao TANCIS. Hilo halimsumbui sana mwenye lori, kwa kuwa ana wakala wa kumhangaikia. Mwenye magunia matatu ya maharage juu ya mkokoteni hana wakala.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imemwekea huyu wa mkokoteni utaratibu wake. Bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa pale pale mpakani. Tuseme sasa fedha imepatikana ya kukihamishia cheti hicho kwenye simu. Mradi huo nimeubuni kwa ajili ya mjadala huu, pamoja na wanaoujadili. Matukio wanayoyataja yametokea kweli.

Mpangaji amesimamia miradi ya serikali Nairobi. Fundi ni binti mwandishi wa programu anayeishi Kitengela. Wakala ni mzee wa Longido aliyetoa mizigo forodhani tangu enzi za fomu za kaboni. Mama huuza maharage na vitunguu pande zote mbili za mpaka.

MPANGAJI: Shikamoo mzee. Mama, habari za biashara? Nianze na jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia: fedha ya umma haitoki bila andiko. Kuna upembuzi yakinifu, kuna hadidu za rejea, ndipo zabuni, ndipo mkataba. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015 inaruhusu mkataba kubadilishwa, lakini nyongeza zote kwa pamoja zisizidi asilimia 25 ya bei ya awali. Ukianza kujenga kabla hujajua unajenga nini, robo hiyo itaisha na kazi haijafika nusu. Utarudi kwa nani kuomba?

WAKALA: Marahaba, bwana. Endelea.

FUNDI: Hofu ya robo hiyo ndiyo inayotufanya tuandike kurasa mia mbili za mahitaji kabla yeyote hajakaa hata nusu saa dirishani. Chukua kisanduku kimoja tu kwenye fomu: thamani ya mzigo. Andiko litasema mfumo ukatae mzigo unaozidi dola 2,000, basi, limemaliza. Mama, wewe thamani ya mzigo wako unaihesabuje?

MAMA: Nikinunua Arusha nahesabu kwa shilingi ya Tanzania. Nikiuza Kitengela nahesabu kwa ya Kenya. Dola naionea kwenye ubao wa wabadilisha fedha tu, mwanangu.

FUNDI: Umesikia, bwana Mpangaji? Mfumo utumie kiwango cha leo au cha wiki hii? Cha KRA au cha TRA? Bei aliyonunulia Arusha au atakayouzia Kitengela? Mzigo ule ule unaweza kukubaliwa dirisha hili na kukataliwa dirisha la pili, ndani ya jengo moja. Swali kama hilo halionekani ukiwa mezani Upper Hill, Nairobi.

MPANGAJI: Nalo jibu lake si kazi yako, binti. Kiwango gani kitumike ni uamuzi wa mamlaka mbili za mapato za nchi mbili. Ukikumbana nalo katikati ya ujenzi, timu yako itakaa ikilipwa huku ikisubiri kikao. Kupanga ninakokutetea mimi hakuna haja ya kuchora kila kioo cha simu. Ni kuyatafuta mapema maswali ambayo fundi hana mamlaka ya kuyajibu, na kuyapeleka kwa wenye mamlaka wakati kusubiri bado hakugharimu kitu.

FUNDI: Hapo sipingi. Ninachopinga ni imani kwamba maswali yote yanapatikana kwa kuwaza. M-Pesa ilianza majaribio mwaka 2005, Thika na Nairobi, kwa fedha ambayo Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza ilichangia na Vodafone ikaongeza. Andiko lake lilihusu wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kurejesha mikopo kwa simu. Wateja walipopewa simu mkononi, wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, na kuweka fedha kwa wakala upande mmoja waitoe baada ya safari. Upande wa Faulu, kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyao kukawa kazi ngumu. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando, kinachouzwa ni kutuma hela nyumbani. Wangeshikilia andiko la kwanza kwa sababu limeshapigwa muhuri, leo tungekuwa tunazungumzia kitu gani?

MPANGAJI: Ile ilikuwa kampuni binafsi na fedha ya kujaribia. Ikikosea, hasara ni ya wenye hisa. Serikali ikiruka hatua, inakutana na mahakama. Usajili wa Huduma Namba, namba ya utambulisho ya Kenya, ulifanyika mwaka 2019 kwa kishindo, watu wakapanga foleni nchi nzima. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha utoaji wa kadi zake, kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haikufanywa kwanza. Hapakuwa na kosa kwenye programu. Kilichokosekana ni waraka uliotakiwa kutangulia. Na mfumo wetu huu utabeba nini? Jina la Mama, kitambulisho chake, namba ya simu, mzigo wake na thamani yake, kisha upeleke hayo yote nchi ya pili. Tathmini hiyo ukiifanya baada ya kujenga, umejenga kesi.

*Hadi hapa kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mpangaji anazungumzia ruhusa, Fundi anazungumzia matumizi. Wakala, aliyekuwa akisikiliza, ndiye aliyeuliza swali ambalo lilipaswa kutangulia yote.*

WAKALA: Naomba niwarudishe nyuma kidogo. Kwetu Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Ninyi mnabishana mtajengaje, na sijasikia mmechagua nini. Nimeona mifumo ikiingia mpakani, sitaji ya nani. Kila mara tunaambiwa karatasi zimekwisha. Tunaingiza taarifa kwenye kompyuta, halafu tunachapisha kile tulichoingiza, tunakipeleka dirishani, kinapigwa muhuri, na kopi inabaki kwenye faili. Kazi imekuwa mara mbili. Katika andiko lenu hilo, karatasi ipi itakufa?

MPANGAJI: Andiko la kawaida huwa na faida zinazotarajiwa: muda kupungua, mapato kuongezeka, uwazi...

WAKALA: Hayo nayajua, nimeyasikia kila warsha. Nakuuliza karatasi. Nitajie jina lake, rangi yake, na ofisa anayeipokea.

MPANGAJI: Cheti rahisi cha uasilia. Kile cha karatasi.

WAKALA: Ofisa wa afya ya mimea atakubali kukisoma kwenye simu? Polisi wa kizuizi cha barabarani, kilomita kadhaa kutoka hapa, atakubali? Kama hatakubali, Mama atakuwa na cheti cha simu, na bado ataomba achapishiwe kwenye kibanda cha fotokopi. Atakuwa ameongezewa gharama.

MAMA: Na simu yenyewe ni ya tochi. Nikiwa hapa sokoni mara inadaka mnara wa Kenya, mara wa Tanzania. Hiyo menyu yenu ya nyota na reli itafunguka nikiwa nimedakwa na mnara wa upande wa pili?

FUNDI: Sijui, Mama. Na hakuna namna ya kulijua hilo ila kuja nayo hapa na kubonyeza.

WAKALA: Tarehe 4 Machi 2013 Kenya ilipiga kura na vifaa vya kisasa vya kutambua alama za vidole. Vituo vingi kompyuta ziliishiwa chaji, na mahali pengine hapakuwa na umeme wa kuzichaji. Wakarudi kwenye daftari la karatasi. Hilo la chaji, karani yeyote wa kituo cha kijijini angewaambia kabla ya siku, kama kuna aliyekwenda kumuuliza.

MAMA: Mimi niwaambie tatizo langu, maana naona mnalizunguka. Cheti si shida kubwa sana. Nikifika dirishani kikachelewa, nasubiri. Shida ni kufika hapa na mzigo nilioulipia, ndipo naambiwa leo hauvuki. Mwaka 2021 mahindi yalizuiwa ghafla. Watu walikuwa wameshapakia.

*Kumbukumbu yake ni sahihi. Kwa barua ya tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, na malori yakakwama Namanga. Siku tano baadaye, tarehe 10, zuio likageuzwa kuwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha aflatoksini hakizidi sehemu kumi kwa bilioni. Sheria ya mpaka ilibadilika mara mbili katika muda usiotosha hata kuitisha kikao cha kamati ya mradi.*

WAKALA: Na mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto hapa hapa upande wetu, kwa maelezo kwamba vimeingizwa kinyume cha sheria na vinaweza kuleta mafua ya ndege. Zuio la vifaranga lilikuwepo tangu miaka ya nyuma. Mwenye mzigo awe alilijua au hakulijua, mimi nauliza hivi: ni wapi, siku moja kabla, mtu wa kawaida angeweza kulisoma?

FUNDI: Basi tumekuwa tukipanga mradi mwingine kabisa. Mama haombi cheti kitoke haraka. Anaomba aulize kabla hajanunua: bidhaa hii, kutoka huku kwenda huku, leo inavuka? Inadaiwa vibali gani? Hiyo ni programu ndogo kuliko ile tuliyoanza nayo. Haihitaji kuunganishwa na mfumo wa KRA wala TANCIS siku ya kwanza. Haihitaji hata jina lake, kwa hiyo ile tathmini ya data inakuwa nyepesi. Inaweza kuwa sokoni ndani ya miezi michache.

MPANGAJI: Usikimbilie miezi. Nani ataandika jibu kwamba mahindi leo hayavuki? Zuio la Machi lilikuja kwa barua. Barua imetoka Ijumaa. Nani mwenye ruhusa ya kubadilisha jibu ndani ya mfumo usiku huo, na akikosea, nani atamlipa Mama aliyenunua kwa kuamini simu?

FUNDI: Tunaweka ofisa mmoja kila upande...

MPANGAJI: Ofisa wa wizara ipi? Mahindi ni kilimo, vifaranga ni mifugo, ushuru ni hazina, na kila nchi ina zake. Unaona? Programu imekuwa ndogo, lakini mapatano ndiyo yale yale, pengine makubwa zaidi. Hiyo ndiyo sehemu ya mradi ambayo hakuna fundi anayeweza kuiharakisha. Kumbuka Mei 2020. Kenya ilipima madereva korona hapa Namanga ikasema baadhi wana virusi, wakubwa wa Arusha wakayapinga majibu hayo. Mwaka huo huo Jumuiya ikatoa programu ya simu ya kufuatilia mizigo na madereva, ili kipimo cha nchi moja kisomeke nchi nyingine.

WAKALA: Programu inabeba cheti. Kukiamini ni shauri la wakubwa.

MPANGAJI: Umenimalizia sentensi, mzee.

FUNDI: Sawa, nakubali kwamba mapatano ni sehemu ya mradi. Lakini nawe ukubali jambo moja, bwana Mpangaji. Mapatano yakichelewa, ratiba huwa haisogezwi. Tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa, mgeni rasmi ameshaalikwa, hema limeshakodiwa. Miezi iliyoliwa na vikao inafidiwa kwa kutuongezea vijana watano wapya. Fred Brooks, aliyesimamia ujenzi wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, alieleza tangu mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, maana wazoefu wanaacha kazi ili wawafundishe wageni. Ni miaka hamsini sasa, na bado tunaletewa vijana watano.

MPANGAJI: Hapo unasema kweli. Nimefanya hivyo mwenyewe, kwa kuwa ndicho kitu pekee ninachoweza kuonyesha kwenye ripoti ya mwezi.

FUNDI: Basi tuvunje mkataba vipande. Kipande cha kwanza: bidhaa chache tu, tuseme maharage, vitunguu na mahindi, kwa soko moja kila upande. Mwishoni mwake anakaa mtu mwenye mamlaka ya kusema tuendelee, tubadilishe au tuache. Fedha ya kipande cha pili isitoke kabla ya kikao hicho. Sheria yako ya asilimia 25 haivunjwi, kwa sababu hakuna mkataba mkubwa unaonyooshwa.

MPANGAJI: Wakaguzi watasema umegawa zabuni makusudi ili kukwepa ushindani. Ununuzi wa vipande vipande una marufuku yake.

FUNDI: Vipande vyote vitangazwe tangu mwanzo, kwenye zabuni moja ya wazi, na bei ya kila kimoja. Hakuna kinachofichwa. Kinachobadilika ni kwamba kuacha kunakuwa kumeandikwa ndani ya mkataba, wala si aibu.

MPANGAJI: Hilo linaweza kutetewa. Sina hakika kwamba litapita kirahisi.

MAMA: Na mkishakabidhi, mnaondoka?

FUNDI: Mkataba ukiisha, ndiyo, Mama. Kwa kawaida kuna muda mfupi wa matengenezo.

MAMA: Sasa bei ya dola ikibadilika, masharti yakibadilika, mimi nampigia nani? Hapa sistemu ikiwa chini tunaambiwa kaeni pembeni, na nyanya hazijui kukaa pembeni. Mwaka wa pili nani anailipia hiyo menyu? Mkinifundisha kuitegemea halafu siku moja ikajibu kwa taarifa za mwaka jana, mtakuwa mmeniharibia kuliko kama hamkuja. Njia za panya hazina sistemu, wala haziko chini hata siku moja.

*Swali hili halikujibiwa. Mpangaji alisema bajeti ya mradi ni ya kujenga, na matengenezo huombwa kwenye bajeti ya kawaida ya ofisi itakayopokea. Wakala aliuliza ofisi hiyo ni ya nchi gani. Fundi alipendekeza ada ndogo kwa kila ulizo, Mama akasema halipii kuuliza kama sheria inamruhusu. Naliacha wazi kama walivyoliacha, na sasa natoa kauli yangu kama mwendesha mjadala.*

KAULI YA MWANDISHI

Mada iliuliza kama mfumo upangwe wote kwanza au upangwe huku ukijengwa. Nikiwasikiliza hawa wanne, naona mada yenyewe ilikosewa, kwa kuwa ndani ya mradi mmoja kuna mambo ya aina mbili, na kila aina ina saa yake. Vyote vinavyohitaji sahihi ya mtu vipangwe na vimalizwe kabla ya mstari wa kwanza wa programu: kiwango cha fedha, ulinzi wa data, nani anaandika jibu la leo, cheti cha nchi moja kitasomwa na nani nchi ya pili. Kwa hayo Mpangaji ameshinda, na Huduma Namba ni shahidi wake. Vyote vinavyohitaji vidole vya mtu vijaribiwe mapema, kwa udogo, mahali vitakapotumika: menyu, mnara, chaji, lugha ya maswali. Kwa hayo Fundi ameshinda, na majaribio ya Thika ni shahidi wake. Miradi mingi huvibadilishia nafasi. Hupanga kwa ukamilifu kile ambacho matumizi yatakipindua, yaani vioo na visanduku vya fomu, na huacha sahihi kubwa zipatikane njiani.

Lakini ushindi wa juu naupeleka kwa Wakala. Swali lake la karatasi linafaa kuwa ukurasa wa kwanza wa kila andiko la mradi, kabla ya faida zinazotarajiwa na kabla ya bajeti. Litajwe jina la karatasi, foleni au safari itakayoondolewa. Itajwe tarehe ambayo ofisa hataipokea tena. Aweke sahihi mkubwa wa kila ofisi inayoipokea sasa, kwa nchi zote mbili. Kando ya sahihi hizo iandikwe ni fungu gani la bajeti litakalolipia mwaka wa pili na wa tatu, maana ofisi isiyokubali kulipia matengenezo haijaukubali mfumo, imekubali uzinduzi.

Wengine watasema kwa masharti hayo hakuna mradi utakaoanza. Baadhi haitaanza kweli, na hiyo ndiyo kazi ya andiko. Mradi uliokwama ukurasa wa kwanza kwa kukosa sahihi ya ofisi moja umegharimu upembuzi na nauli za vikao, na sababu ya kukwama kwake inajulikana kwa jina na cheo. Mradi huo huo ukipita bila sahihi hiyo utakwama vile vile mbele ya dirisha lile lile, ukiwa umeshalipiwa wote, na anayeambiwa asimame pembeni atakuwa Mama.